Magongo ya Mshale Yalipovunjika

Enzi zetu Tabora, mpira wa magongo ulichezwa juani, kwenye vumbi jekundu. Nasema hili kwa sababu juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu Wazungu wakiteleza juu ya barafu na magongo mkononi, akaniambia, "Bibi, huu mchezo hamuwezi kuujua." Nilicheka hadi nikakohoa. Mtoto huyu hata kufagia uwanja anaomba apumzike!

Timu yetu iliitwa Mshale. Walikuwamo wafanyakazi wa reli, walimu, na nahodha wao Joakimu, muumini mrefu wa Kanisa la Moraviani aliyekuwa fundi baiskeli. Jumamosi mji mzima ulihamia uwanjani. Sisi watoto tulikwenda na matobolwa mifukoni, tunatafuna viazi vile vikavu huku tukipiga kelele hadi sauti zinakauka. Na mimi nilikuwa na la kujivunia zaidi ya wenzangu, maana magongo yote ya Mshale yalichongwa na baba yangu, fundi seremala wa Isevya. Nyumba yetu ilinukia mninga mwaka mzima.

Mwaka mmoja Mshale walipangiwa mechi ya ubingwa na timu ya Dodoma. Siku chache kabla, baba alinichukua tukafuate mbao Tura, stesheni ya njiani kwenda Dodoma. Treni ya kutoka Dodoma iliposimama, akashuka mtu aliyevaa fulana ya bluu. Niliijua fulana ile. Ilikuwa ya wapinzani wetu. Alimpa baba kopo lililofungwa kwa gazeti, wakanong'ona, akapanda tena. Baba alinigeukia akasema, "Hukuona kitu. Umesikia?"

Nilisikia, lakini moyo haukutulia. Kwa nini anifiche? Tangu siku ile nilimtazama baba kama mgeni. Alifunga mlango wa karakana, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Nilipomletea uji aliupokelea nje. Mwishowe nikamwambia rafiki yangu Mwajuma, nikamwapisha asiseme.

Siku ya mechi jua lilikuwa kali. Kipindi cha pili gongo la Joakimu likaachia kichwa, kikaruka, yeye akabaki na mpini. Punde likaachia la pili, kisha la tatu. Tukafungwa. Kabla watu hawajatoka uwanjani nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Fundi katuuza. Alionekana Tura na mtu wa Dodoma." Nikajua neno lile limetoka wapi.

Kesho yake bombani wanawake walinyamaza mama alipofika. Jirani aliyezoea kutuletea asali akapita upande wa pili wa njia. Mama aliteka maji yake, akarudi nyumbani.

Alasiri Joakimu akaja, ameshika gongo lililovunjika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Nitasimama. Wanasema ulionana na mtu wa Dodoma. Ni kweli?"

Sikuweza kuvumilia. Nikatoka nyuma ya mlango nikilia: "Ni mimi niliyesema, baba. Nilimwambia Mwajuma."

Baba aliinuka. Kisha akaingia karakana, akarudi na lile kopo. Lilikuwa gundi.

"Yule ni fundi mwenzangu," alisema. "Magongo yao huunganishwa kichwa na mpini kwa gundi, hayapasuki kama yangu. Niliona aibu kuwaambia kwamba sijui anavyofanya. Nikamwomba anifundishe."

Joakimu alinusa gundi. "Na kama amekupa mbovu makusudi?"

"Nami nimeliwaza hilo usiku kucha. Lakini aliniambia niyaache kivulini siku saba. Niliyaacha mbili. Mechi ilikuwa imekaribia, nikasema yatashika tu. Kosa ni langu."

"Basi kayaseme hayo mbele ya wenzangu."

Baba akaenda. Jumamosi iliyofuata alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, akawaeleza wachezaji na mji wote uliokuja kumtazama. Wapo walioamini. Mlinda lango wa Mshale hakuamini kabisa. Miaka yote iliyofuata, kila akipewa gongo jipya, alilipiga kwanza kwenye jiwe, huku akimkazia macho baba. Baba alisubiri tu amalize.

Mimi hakunipiga. Tuliporudi nyumbani siku ile aliniambia, "Ungeniuliza mimi kwanza, mwanangu." Nikamjibu, "Nilikuogopa." Tangu hapo mlango wa karakana haukufungwa tena, nami nikaruhusiwa kuuliza lolote.

Mshale haipo sasa, na wengi walioichezea wamelala makaburini. Vijana wa leo timu yao ikifungwa, kabla ya filimbi kukauka wameshamwita mtu msaliti kwenye simu, kwa majina ya kujibandika, na jioni wamemsahau kana kwamba hana mama anayekwenda bombani. Sisi pia tulishuku, tena sana, na nilikuwa wa kwanza. Lakini aliyetushuku tulimjua jina, na alikuja kwa miguu hadi mlangoni kwetu, akaamkia kwanza, ndipo akauliza.