Nyumba Niliyonunua kupitia Wakili wa Muuzaji

Siku niliyoingia ofisini kwa Wakili Tatu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoonywa vizuri, nami nikakasirika. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Jana umenieleza kwamba umepata nyumba Kerege, kwamba muuzaji ni mtu mpole, na kwamba amekwambia usihangaike kutafuta wakili kwa kuwa wa kwake atawahudumia nyote wawili. Sikukujibu pale mbele ya wageni. Leo tuko wenyewe, basi kaa nikusimulie, kisha utaamua mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa karani bandarini, Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyaraka za mizigo. Mtu akileta karatasi zake zimepungua ukurasa mmoja, namrudisha, hata awe amevaa suti ya namna gani. Nilijulikana kwa ukali huo, na nikiri kwamba nilikuwa nikiuonea fahari. Nilikaa Magomeni, nyumba ya kupanga, pamoja na mke wangu Mwanahawa. Wewe ulikuwa mdogo, labda unamkumbuka kwa visheti alivyokuwa akikutengenezea kila mlipokuja na mama yako. Mungu hakutujaalia mtoto, ndiyo maana alikupenda vile.

Mwanahawa alikuwa na maradhi ya moyo. Mwaka ule yalimzidi. Akitembea kutoka chumbani mpaka uani, lazima akae kwanza. Daktari alinieleza mimi peke yangu, kwa maneno machache, na nadhani Mwanahawa naye alijua bila kuambiwa. Siku moja akanishika mkono akasema, "Bwana, nirudishe kwetu." Kwao ni Bagamoyo. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa imeshauzwa zamani na wajomba, kwa hiyo hakuwa na pa kufikia isipokuwa mimi nimtafutie. Nikamwahidi. Niliahidi kama mtu anayekimbizwa, na kweli nilikuwa nakimbizwa.

Nyumba niliipata upesi. Ilikuwa katika mitaa ya zamani, kuta nene, ukumbi wenye hewa nzuri, na uani kisima kilichofunikwa. Muuzaji aliitwa Kassim, mtu wa familia ya zamani ya biashara pale mjini, mwenye adabu, hakukosa kukupa "shikamoo" hata kama mmezidiana miaka miwili tu. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Siku niliyokwenda kuiangalia tulimkuta mwanamke mmoja mtu mzima amekaa ukumbini anashona kofia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyanyuka kwenda kuniletea maji ya kunywa. Nikamuuliza Kassim yule ni nani. Akasema, "Ni mtu wetu tu, anatutunzia nyumba." Sikuuliza zaidi. Nilikunywa yale maji, nikashukuru, nikaondoka.

Rafiki yangu wa kazini ndiye aliyenielekeza kwa Wakili Tatu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, meza imejaa mafaili, na yeye mwenyewe mwanamke mkavu, asiyecheka ovyo. Aliniuliza maswali mpaka nikaona ananihoji kama mwizi. Nyumba ilikuwa ya nani kabla ya Kassim? Marehemu aliacha watoto wangapi? Msimamizi wa mirathi ni nani, na mahakama ilimteua lini? Mwisho akauliza, "Na sasa hivi mle ndani anakaa nani?"

"Kuna mama mmoja mtunzaji," nikasema.

"Anaitwa nani?"

Sikujua jina lake.

Akaweka kalamu chini. "Kaka, nipe wiki tatu. Nitafanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, niende kwa mwenyekiti wa mtaa, nizungumze na majirani, na huyo mama nitazungumza naye mwenyewe."

Nikamwambia wiki tatu ni nyingi, mke wangu mgonjwa. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Pole sana. Ndiyo maana sitaki umhamishe mara mbili."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimwona mwanamke asiye na huruma, anayevuta muda ili aonekane ana kazi. Kassim nilipomsimulia akatabasamu. Akasema mawakili wengine wanapenda kutia watu hofu, lakini yeye anaye wakili wake, mtu wa msikitini, wamefahamiana miaka mingi, atatumalizia sote kwa siku moja. Mwanangu, hebu fikiria jinsi maneno yale yalivyoniingia. Nilikuwa na kiu, na huyu hapa ananipa maji.

Wakili wa Kassim alinipokea kwa kanzu safi na harufu ya udi. Aliniita "ndugu yangu". Aliniuliza hali ya mgonjwa, akamwombea dua palepale mezani, mimi nikaitikia amina machozi yakinilengalenga. Kisha akanisogezea karatasi. Kulikuwa na mkataba wa mauziano, hati, na muhtasari wa kikao cha familia ulioonyesha kwamba warithi wamekaa na kukubaliana nyumba iuzwe. Muhtasari ule ulikuwa nakala, si karatasi yenyewe. Na chini yake, pembeni, palikuwa pameandikwa kwa taipu: ukurasa wa kwanza kati ya miwili.

Niliona. Nataka ujue hilo, kwa sababu miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilidanganywa, nao wakanihurumia. Mimi niliona.

"Na wa pili?" nikauliza.

"Wa pili ni saini tu," akasema.

Saini tu. Karani wa bandari, mimi niliyekuwa nikiwarudisha watu na makontena yao kwa kosa kama lile, nikaitikia kwa kichwa, nikachukua kalamu. Nilijua kwamba nikiomba ukurasa ule huenda nyumba ikanitoka, nami nilikuwa nimeshaona mahali pa kuweka kitanda cha Mwanahawa. Haikuchukua hata nusu saa.

Tulihamia baada ya siku tano. Mwanahawa alipoingia ukumbini alikaa chini kwenye sakafu, akaegemea ukuta, akafumba macho, akasema, "Hapa ninapumua." Yule mama mtunzaji akatoka chumba cha nyuma akatusaidia kupanga vyombo. Aliitwa Bi Zena. Baada ya siku mbili tatu yeye na Mwanahawa wakawa kama dada. Alimpikia uji, akamkanda miguu, jioni wakakaa barazani, mmoja anashona, mwingine anamshikia nyuzi. Mimi nilikuwa nikienda kazini asubuhi na kurudi jioni, na kwa muda wa wiki mbili hivi nilijiona nimeshinda.

Asubuhi moja ya Jumapili nikiwa chumbani nikamsikia Bi Zena akimuuliza mke wangu, "Mwanahawa, nyinyi mmepanga kwa muda gani? Kassim hakuniambia."

"Hatukupanga, Bi Zena. Tumenunua."

Nikatoka kutazama. Bi Zena alikuwa amechoma sindano kwenye kofia, ameiweka mapajani. Akasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia, "Hii ni nyumba ya baba yangu. Kassim ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi sijaulizwa."

Nilimpigia Kassim, simu haikupatikana. Nilikwenda kwake nikaambiwa amesafiri, amekwenda Maskati kwa jamaa zake, haijulikani atarudi lini. Nikakimbilia kwa wakili. Udi ulikuwa uleule, lakini "ndugu yangu" sikuisikia tena. Akanifungulia mkataba, akaweka kidole kwenye kipengele cha mwisho. Palikuwa pameandikwa kwamba mnunuzi amepewa nafasi ya kutafuta wakili wake mwenyewe, na kwamba ameridhika na nyaraka alizoonyeshwa. Chini yake, saini yangu.

"Mimi ni wakili wa Kassim," akasema. "Wewe si mteja wangu, na hukuwahi kuwa. Lakini ushauri nitakupa. Karatasi unazo. Mpe yule mama barua ya kuhama."

Mwanangu, mpaka hapo nilikuwa mjinga tu. Kuanzia hapo nikawa mtu mbaya. Barua niliiandika mwenyewe, kwa lugha ya ofisini niliyoizoea, siku thelathini awe ameondoka. Niliipitisha chini ya mlango wa chumba chake asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa sababu sikuthubutu kumwangalia usoni.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Bi Zena alisoma madrasa tu. Kurani akiisoma vizuri, lakini barua za ofisini hakuziweza. Aliichukua ile barua akaenda nayo kwa mtu pekee aliyemwamini mle ndani amsomee. Akampelekea mke wangu.

Niliporudi jioni nilimkuta Mwanahawa amekaa juu ya sanduku la nguo. Alikuwa amefunga kila kitu chake, yeye ambaye kukunja shuka kulimchosha. Akaniambia, "Nimemsomea yote, mpaka jina lako." Nikaanza kujieleza, nikataja mkataba, nikataja moyo wake, nikasema nilifanya vile kwa ajili yake. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Sikuomba unirudishe Bagamoyo nije kumtoa mtu kwao. Nitafutie mahali pengine."

Nilipata vyumba viwili vya kupanga Kerege, kando ya barabara kuu. Mabati yalikuwa na joto, na malori yakipita vyombo vilitetemeka. Mwanahawa hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliishi pale miezi minne. Alfajiri moja nilimwita kwa ajili ya sala, hakuitika.

Bi Zena alikuja. Alitoka Bagamoyo mapema, akaingia moja kwa moja kwa wanawake, na akawa miongoni mwa waliomwosha. Tulimchukua tukamzika Bagamoyo, karibu na mama yake. Hivyo ndivyo nilivyomrudisha kwao. Baada ya mazishi Bi Zena akanijia, mtandio wake umelowa, akaniambia jambo moja tu: "Mkeo alinisomea barua ile yote. Hakuruka neno." Nikasubiri aseme jingine, la kunihusu mimi. Hakuwa nalo.

Nilirudi kwa Wakili Tatu. Nilidhani atanikumbusha aliyoniambia, lakini hakunikumbusha. Alinisikiliza, akauliza, "Ule ukurasa wa kwanza, uliona kwamba una mwenzake?" Nikasema niliona. Akasema, "Basi kasimame kwenye baraza la ardhi useme hivyohivyo. Nyumba utaikosa. Lakini mama yule atalala kwao." Nikasimama, nikasema, mbele ya watu walionifahamu. Mauziano yakabatilishwa, Bi Zena akabaki na nyumba ya baba yake. Kassim hakurudi, wala fedha zangu, na mimi sikupata kununua nyumba nyingine. Ndiyo maana mpaka leo unanikuta kwenye vyumba vya kupanga.

Sasa nisikilize. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji. Akikupa kahawa, akikuombea dua, akikuita ndugu, bado ni wa muuzaji, na siku mambo yakiharibika atakuonyesha hivyo kwa maandishi. Tafuta wako. Usimchague kwa upole wa sauti. Mchague yule anayekuuliza mambo usiyoyajua, na akikuudhi kwa maswali yake, rudi kesho umletee majibu. Muulize atakwenda lini kufanya upekuzi wa hati, na akirudi akuonyeshe alichokikuta, usiridhike na kuambiwa kwamba mambo yako sawa. Karatasi ione yenyewe, si nakala, na uione yote. Nyumba ikiwa ya mirathi, kila mrithi mwone kwa macho yako, umsikie akisema kwa kinywa chake kwamba ameridhia, wanawake kabla ya wanaume, kwa sababu wao ndio husahauliwa kuulizwa. Na yeyote utakayemkuta anakaa mle ndani, hata awe amekaa kwenye kigoda anashona, muulize jina lake na nyumba ile ni ya nani. Swali lile lilikuwa dogo sana, nami nilishindwa kuliuliza huku nikinywa maji yake.

Na ukiona kasoro kisha moyo wako ukakwambia unyamaze, jua kwamba hapo hudanganywi na mtu mwingine. Nenda Kerege kesho. Mwambie muuzaji, kwa adabu, kwamba utakuja na wakili wako. Akikasirika, mshukuru na urudi nyumbani.

Mungu akupe nyumba ya halali, mwanangu, ambayo hakuna mtu aliyelia ili wewe uingie. Akupe usingizi mzuri ndani yake wewe na mkeo, na akikutoa humo akutoe ukiwa huna deni la jirani wala la ndugu wa mtu. Amina.