Kibali cha Gari, Si cha Fundi

Miaka ile ya vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa Kisomali, nilikuwa nikingoja kibali cha kusafiri katika ofisi moja mjini Garissa, fundi mmoja Msomali akaingia, mikono imejaa grisi. Alikuwa ameinua Landrova ya ofisi kwa kuongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vya chini, isikwame kwenye matope ya njia ya Masalani. Magurudumu ya mbele aliyanyoosha kwa kupimia kamba iliyovutwa kutoka yale ya nyuma.

"Tia sahihi kwamba umeijaribu barabarani," akasema karani, mtu wa bara.

"Sijajaribu. Nipe ruhusa niende nayo Kotile, njia hiyo hiyo ya Masalani. Hooyo yangu, mama mzazi, anauza chai huko. Tangu mtuzuie Wasomali kusafiri sijamwona."

"Kibali ni cha gari, bwana. Wewe huna namba ya usajili."

Tulicheka wote tuliokuwa tukingoja, mimi nikiwamo. Fundi hakucheka, wala hakutia sahihi. Landrova ikaondoka na msafara wa askari kwenda Masalani bila fomu kutiwa sahihi, jambo lililomkosesha karani usingizi kuliko vita.

Siku ya tatu ikarudi. Mimi bado nangoja.

"Inavuta upande?" fundi akamwuliza dereva.

"Hata kidogo."

"Kotile mlisimama?"

"Msafara hausimami, ndugu yangu."

"Kibanda ya chai, kando ya barabara. Ilikuwa na moshi?"

Dereva akafikiri. "Moshi ulikuwepo."

Fundi akaomba kalamu, akatia sahihi. Karani akafurahi: faili limekamilika, na serikali ina gari lililonyooka.

"Mwingi, ama kidogo wa jiko?" fundi akauliza, akigeuka. Lakini dereva alikuwa amekwisha kwenda kula.