Ufunguo wa Chumba Namba Saba

Mama Cherehani alitimiza miaka arobaini na minne ndipo akashika ufunguo wake mwenyewe. Kwanza funguo zilikuwa kiunoni kwa baba, baadaye mfukoni kwa mume. Mume alipofariki, alihamia chumba namba saba na cherehani yake, akautia ule ufunguo utepe, akauvaa shingoni. Hata kuoga anaoga nao.

Basi mwaka huu wezi wakaiba pasi na redio kwa jirani. Wapangaji wakakutana uani, Mwenyekiti wao akasimama na ubao wa misumari ishirini. Kila chumba kichongeshe ufunguo wa pili, utundikwe kwa mlinzi, kwa usalama wa wote. Mikono ikapanda. Wa Mama Cherehani ukabaki mapajani.

"Kwani umeficha nini humo, dhahabu?" jirani akamtania.

"Nimo mimi."

Wakacheka, lakini wamenuna. Mwenyekiti akampa mpaka Ijumaa: alete ufunguo au ahame, mwenye nyumba ameshakubali.

Mdogo wake akaja mbio. "Dada, watu kumi na tisa wametoa. Wewe nani?"

"Wa ishirini."

"Na utalala wapi na hilo licherehani?"

Hapo alimchoma, maana pa kwenda hakuwa napo. Siku hiyo alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Ijumaa akateremka na ufunguo wa pili kiganjani. Nakwambia, alikwenda kuutoa kweli. Akawa anautafuta msumari wake, na jicho lile lililozoea kutunga uzi likatua kwenye msumari wa kwanza, wa Mwenyekiti. Pananing'inia kifunguo chembamba cha kufuli la sanduku! Mlango wa Mwenyekiti anaujua, aliwapimia mapazia. Ufunguo wake ni mrefu kama kidole.

Mwenyekiti akaona anapotazama. Jasho likamtoka.

"Umeleta?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimeleta. Wa kwako je, kaka?"

Mlinzi akainama kufunga viatu ambavyo havina kamba.

"Mimi sipendi tu mtu aingie..." Mwenyekiti akaishia hapo hapo.

"Hata mimi. Ila mimi nilisema mbele za watu."

Angeweza kupiga kelele uani. Hakupiga. Akapanda ngazi na ufunguo wake.

Jioni Mwenyekiti akawaita wote, akakichomoa kifunguo chake hadharani na kusema ni cha sanduku. Anayetaka aache wake, asiyetaka achukue, wala hahamishwi mtu. Mzee mmoja wa namba kumi na mbili, mwenye moyo mgonjwa, aliuacha wake, na hakuna aliyemcheka. Misumari kumi na mmoja ikabaki mitupu. Ule wa saba mlinzi anatundika kofia yake.

Kesho yake mdogo mtu akarudi kwa unyenyekevu. "Dada, ule wa pili si unipe mimi?"

Mama Cherehani akamtazama, akacheka, akampa.

"Lakini hodi utapiga."