Bwana Ikiwa na Hali Isiyo na Jibu

Nyumbani walimwita Bwana Ikiwa tangu angali mdogo. Ukimtuma dukani kununua sukari, alisimama mlangoni kwanza. "Na ikiwa imekwisha? Na ikiwa wamefunga?" Mama yake alishika kiuno: "Mwanangu, wewe dukani utafika siku ya kiyama!"

Alipokua, Mungu akampa kazi ya kumfaa: kutengeneza kurasa za mtandao zinazoitikia mtu akibonyeza. Yeye na mwenzake, kijana aliyeitwa Miwani, walitumia lugha ya kompyuta ya fanksheni, yaani vipande vya maagizo, ambayo mafundi wengi waliikimbia. Unaipa fanksheni hali ya mambo, inakurudishia ukurasa, haigusi kingine chochote. Na mashine haikubali kuujenga ukurasa mpaka kila hali uliyoitaja iwe na jibu lake. "Hatimaye," Bwana Ikiwa alimwambia dada yake mkubwa, "nimepata wa kuuliza maswali kunishinda."

Kazi yao kubwa ilikuwa ukurasa wa hospitali. Ndugu wa mgonjwa aliufungua kwenye simu akasoma: Amelazwa. Yuko upasuaji. Ameruhusiwa.

Ukurasa huo ndio uliomfanya dada asitake hata kumwona Miwani. Bwana Ikiwa mwenyewe alikuwa amelazwa humo, figo zikimsumbua, na asubuhi moja simu ya dada ikaandika: Ameruhusiwa. Dada alipiga magoti akashukuru, akampigia pasi shati la bluu, akaenda kumchukua. Alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi.

Baada ya mazishi Miwani akaja kuomba kompyuta ya marehemu. Dada hakumkaribisha kiti.

"Ya nini?"

"Kazi yetu iko humo, dada. Hospitali wanataka toleo jipya kesho, la sivyo wanauzima ukurasa. Jasho lake lote litapotea."

"Jasho lake, au lako? Na nani aliniandikia kwamba ndugu yangu karuhusiwa?"

"Si mimi. Ni nesi."

"Nesi! Kwa kuwa hayupo hapa kujitetea."

Hata hivyo hakutaka kazi ya ndugu yake ife naye. Akafungua kabati kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akaiweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akaketi ubavuni mwa Miwani, kitabu cha sala mapajani, macho kwenye vidole vya mgeni. Miwani akaamuru mashine iujenge ukurasa. Maandishi mekundu yakajaa.

"Umeharibu nini?"

"Sijagusa kitu, dada."

"Ndivyo asemavyo kila mtu, glasi ikishavunjika."

Miwani alisoma, akarudia kusoma. "Inasema kuna hali haina jibu." Akayapandisha maandishi mpaka kwenye orodha ya hali. Chini ya zile hali tatu palikuwa na ya nne: Amefariki. Mikono yake ikaanguka mezani. "Hii sikuiweka mimi."

"Eti hukuiweka."

"Tulipoanza marehemu aliitaka, wakubwa wa hospitali wakaikataa. Eti ukurasa usitaje kifo. Sasa nesi afanye nini? Kitufe hana. Mtu akifariki anabonyeza Ameruhusiwa, kitanda kionekane kiko wazi."

Dada alimtazama usoni kama anayetafuta tundu kwenye nguo. Maelezo yalinyooka mno. "Marehemu hawezi kukukanusha. Nitajuaje hukuiandika wewe?"

"Niliandikia wapi, dada? Kompyuta umeifungia wewe."

Dada aliushika ufunguo shingoni. Ni kweli. Aliitoa wodini kwa mkono wake mwenyewe na haikutoka kabatini. Hapo akakumbuka siku mama mmoja alipoingia wodini na nguo za mtoto, akitabasamu, simu mkononi ikisema Ameruhusiwa, na kilio kilichofuata. Bwana Ikiwa aliomba kompyuta, akaiweka juu ya magoti, akaandika kidogo, kisha akauliza, "Dada, mtu akifiwa, ungependa ukurasa umwambieje?"

Dada akamkatiza: "Shindwa! Hapa tunaongea uzima." Alidhani ni ugonjwa unaomsemesha. Ndugu yake akaifunga kompyuta.

"Aliniuliza mimi," dada akasema taratibu. "Sikumjibu."

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi mjibu sasa. Bila maneno hayo mashine haisogei."

Dada alifumba macho, midomo ikicheza. Kisha akasema, na Miwani akaandika: Tafadhali njoo wodini. Usije peke yako. Nesi anakusubiri mlangoni.

"Jibu halijataja kufariki, dada."

"Wala lisitaje. Hilo atalisema mtu, uso kwa uso. Na wakubwa wako hawatakuwa na la kukataa."

Miwani akaamuru tena. Wekundu ukatoweka, ukurasa ukajengeka. Akaanza kuufunga mfuniko, lakini dada akauzuia kwa kiganja.

"Unakimbilia wapi? Rudisha hayo maneno niyaone." Akayasoma kimoyomoyo, paji limekunjamana, bado hajaamini. "Na ikiwa hana wa kuja naye?"

Miwani akamtazama, akavuta tena kiti, akaanza kuandika.