Nyenje wa Plastiki

Mke wangu anafuga nyenje ndani ya debe la biskuti, juu ya kabati la chumbani. Nimelalamika hadi nimechoka. Kazini kwake wamembatiza Mama Nyenje, naye anaitika! Wadudu hao wana vinyweleo mkiani: ukiwanyatia, hewa inayosukumwa na mguu wako inawafikia kabla ya mguu wenyewe. Yeye akataka kutengeneza kihisi, kifaa cha kutambua hewa ikisogea, chenye akili hiyohiyo. Basi kutwa akawa anachapa vinyweleo vya plastiki kwa ile mashine ya kazini inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka. Vya kwanza vilikatika. Vya pili vilikakamaa kama misumari. Hivi vya mwisho vilikuwa vyembamba mno, bila miwani yeye mwenyewe havioni.

Na siku ya kumwonyesha mkuu wake, miwani kaisahau nyumbani. Nikaichukua, nikatoka mbio. Mkuu alishasema kihisi kikishindwa leo, mashine inahamia idara ya vifuniko vya ndoo. Vifuniko vya ndoo, jamani! Ngazi za karakana nilizipanda mbilimbili, nikamvalisha miwani, nikabaki nyuma yake nikihema.

Feni ikazimwa, madirisha yakafungwa. Taa ya kihisi, inayowaka hewa ikisogea, ilipaswa ibaki imezimika. Ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena.

"Upepo hakuna, taa inawaka," mkuu akasema. "Kibovu hiki, mama. Pole."

Mke wangu akainama, kiganja mdomoni. Nilimwonea huruma. Mara akageuka, akatazama kitambi changu. Akatazama taa. Kitambi. Taa.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hebu bana pumzi."

Nikabana. Taa ikazimika.

"Achia."

Ikawaka!

"Bana! Achia! Bana!" Alikuwa anarukaruka sasa, na mimi macho yamenitoka pima.

"Mpeleke mlangoni," mkuu akaamuru, sauti imebadilika. Nikapumulia mlangoni. Taa ikawaka.

"Mashine haitoki humu," mkuu akasema, kisha akaangua kicheko, sisi tukafuata, na taa ya watu ikakosa pa kupumzikia.

Jioni nilichuma majani mabichi, nikaingia chumbani kwa kunyata kuwapelekea wale nyenje zawadi yao. Walikuwa wanaimba. Kabla sijalifikia kabati, wakanyamaza wote.