Bushiri na Ukuta wa Darasa Jipya

Bushiri wa Kibiti alikuwa mpiga picha mwenye kisirani kimoja tu: jua. Maharusi walisimama wakachoka, watu wakamtania weee, naye habonyezi mpaka mwanga ukae anavyotaka. Tangu biashara huria iruhusiwe na watu kuanza kuezeka bati, alikuwa amepiga picha za nyumba nyingi kuliko sura za watu.

Januari ya mwaka tisini na nne, mkandarasi Remigius alimwita akapige darasa jipya la kijiji jirani. Picha iende kwa wafadhili, Jumatatu watoto waingie. Tatu, bintiye Bushiri, alikuwa mmoja wao, na siku hiyo alifuatana na baba yake.

"Saa moja asubuhi, jua likiukabili ukuta," Remigius alisisitiza. "Saa mbili uwe umemaliza."

Lakini kukapambazuka na mawingu. Bushiri akakaa kitako.

"Piga hivyohivyo, kaka!"

"Subiri."

Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Remigius alikuwa akijifuta jasho, na jua lenyewe halijatoka. Bushiri akaanza kuingiwa na wasiwasi. Huyu anakimbilia nini?

Saa tano mawingu yakaachana. Jua lilikwishapanda, mwanga wake ukawa unateremka sambamba na ukuta kutoka juu, ukitoa kivuli kwenye kila uvimbe ambao mwanga wa saa moja ungeuficha. Bushiri akatia jicho kwenye kamera. Chini ya dirisha palikuwa na kivuli kipana: ukuta umetoka tumbo, na chokaa mbichi imefunika ufa mpaka msingini.

"Ni chokaa tu," Remigius alinong'ona. "Kazi yako kubonyeza."

Bushiri akainua kichwa kutoka kwenye kamera. Wazazi waliokuja na watoto wao kufagia walikuwa wakitazama.

"Picha inataka mtu, kimo kionekane," akasema kwa sauti. "Simama pale, bwana mkandarasi. Uegemee."

Remigius akacheka. "Watoto! Njooni mpigwe picha!"

Tatu akatoka mbio.

"Tatu! Rudi!" Bushiri hakuwahi kupiga kelele namna ile. Mtoto akaganda. "Nimesema yeye. Aliyejenga."

Remigius akapiga hatua mbili, akautazama ukuta, akasimama.

"Unaogopa nini?" aliuliza Mwalimu Bernadeta, mkuu wa shule.

Kina mama wakatupa mafagio, wakaenda kuwashika watoto wao mikono. Bushiri akabonyeza, darasa likiwa peke yake juani.

Mwalimu Bernadeta akaufunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani.