Ng'ombe Kumi na Mmoja Ndani ya Ngitili

Lusia alihesabu mara mbili. Ng'ombe kumi na mmoja ndani ya ngitili, saa nne asubuhi, wanatafuna kama wako kwa baba yao.

Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, hayaguswi mpaka kiangazi kibane. Wasukuma wa zamani walikuwa nayo, wajukuu wakaiacha, wakafyeka, wakabaki na vumbi. Mvua zilipoanza kuja zinapojisikia, Lusia akawasumbua majirani zake wa Samuye mpaka wakafunga eneo upya. Wakampa uenyekiti wa kamati wakijua atachoka. Hakuchoka, na nyasi zikarudi. Sasa ni Agosti, na nyasi hizo ndizo pekee za kuwafikisha Novemba ng'ombe wa kaya arobaini.

Jirani yake Masalu alikuwa kivulini, anachonga fimbo.

"Mwangaluka, Mama Limi."

"Acha salamu zako! Adhabu unaijua. Ng'ombe mmoja anachinjwa, kijiji kinakula."

"Nitachinjaje ng'ombe wa mtu?"

"Wa nani?"

Masalu akacheka, halafu akamwangalia vizuri. "Kumbe kweli hujui? Wa Baba Limi."

Mume wake! Magesa, ambaye zizini kwake wamesimama watatu, mbavu nje.

"Aliniletea mitamba wawili mwaka aliozaliwa Limi, nimtunzie. Wamezaana. Jana kaniambia, ingiza tu, mwenyekiti ni mke wangu, nani atakugusa?"

Lusia akakaa chini pale pale, kwenye miiba. Kuweka mifugo kwa mwenzio ni desturi, na wanaume wengi hawawaambii wake zao. Lakini Limi ana miaka kumi na tisa! Limi huyu huyu aliyeacha shule kidato cha pili, baba yake akiapa hana hata ndama wa kuuza.

Jioni watu walikusanyika. Wote walishasikia kuna ng'ombe wameingia, na kama hili lingepita kimya, kesho kila mtu angeswaga wake. Magesa alikaa mbele, katulia kabisa.

"Ng'ombe ni wa Magesa, mume wangu," Lusia alisema. "Wako kumi na mmoja. Lichinjwe lile dume jekundu. Ndilo nono."

Magesa mdomo wazi, kama kapigwa na nyundo.

"We Mama Limi," Asteria, mwenzake wa kamati, akanong'ona nyuma yake, "sasa leo utalala wapi?"

"Wachinje kwanza."